Muziki Si Kibarua wa Hesabu

Wapo watu ukiwaambia "lete ushahidi" wanafyata mkia na kwenda zao. Bi Solfa hakuwa wa kundi hilo, na mkuu wa shule angelijua hilo mapema angeufunga mdomo wake siku ile.

Ilikuwa kwenye kikao cha walimu, Jumatatu baada ya vipindi, chai imeshapoa vikombeni na kila mtu anaitazama saa ya ukutani kwa kuibia. Mkuu wa shule alisimama mbele na kalamu ya ubao mkononi. Wanafunzi walimwita Wastani, maana hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo: wastani wa hesabu, wastani wa darasa, wastani wa shule jirani. Walimu nao walimwita hivyohivyo, ila kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Aliikuta shule inaburuta mkia kwenye mitihani akaivuta mpaka katikati, na kazi hiyo ilimtoa jasho. Lakini mapenzi hupofusha, na mapenzi yake kwa wastani yalikuwa makubwa. Kitu kisichoweza kujumlishwa na kugawanywa hakukiona, hata ukikiweka puani pake.

Tangazo lake lilikuwa fupi. Chumba cha muziki kitageuzwa darasa la masomo ya ziada kwa watahiniwa. Vipindi vya muziki vitatoka kwenye ratiba.

"Utafiti unaonyesha," alisema, "kwamba shule zinazopoteza muda kwenye mambo ya pembeni zinashuka wastani."

"Utafiti upi, mkuu?" akauliza Bi Solfa.

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu njia. Lakini chumba kizima kiliacha kutazama saa.

"Utafiti, Mwalimu. Upo."

"Upo wapi?"

Mwalimu wa jiografia akakohoa ili asicheke. Wastani akaweka kalamu mezani taratibu.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Bodi inakaa Ijumaa. Wewe mwenye maswali lete utafiti unaoonyesha kwamba muziki unapandisha alama za wanafunzi. Ukiuleta, chumba ni chako. Usipouleta, madawati yanaingia. Na usiniletee porojo za mtandaoni. Nataka makala za kitaaluma."

"Nitaleta," akasema Bi Solfa, kwa sauti ya mtu anayejua makala hizo ziko rafu ya ngapi. Hakujua hata pa kuanzia.

Chumba chenyewe, ukikitazama kwa macho ya mpita njia, hakina cha kugombewa. Kuna piano iliyopoteza vibao viwili vya upande wa sauti nene. Kuna ngoma, na ndoo ya maji yenye dawa ambamo filimbi za plastiki hulala zikisubiri darasa linalofuata, kwa sababu filimbi ni za shule na midomo ni ya watu. Ukutani kuna ngazi ya solfa, do mpaka do, aliyoipaka rangi mwenyewe, na jina lake lilitokana na ngazi hiyo. Lakini asilimia kubwa ya watoto wa shule ile hawakuwa na mahali pengine popote duniani pa kufundishwa kusoma noti. Bi Solfa aliijua hali hiyo vizuri, kwa sababu naye utotoni hakuwa na mahali pengine. Mwalimu mmoja alimfungulia mlango wa chumba kibovu kuliko hiki, na maisha yake yote yalitokea humo. Sasa mlango ule ulikuwa unafungwa, tena kwa jina la utafiti ambao hakuna aliyeuona. Alikuwa na hasira mpaka mikono ilimwasha.

Nyumbani alimkuta mumewe anapiga pasi mashati ya wiki nzima. Alimsimulia yote huku akizunguka meza.

"Makala za kitaaluma ziko maktaba ya chuo kikuu," akasema mumewe bila kuinua macho kwenye kola. "Na maktaba ya chuo kikuu iko na dada yangu."

"Afadhali nimeze mchanga."

"Mchanga haujawahi kutoa marejeo, mke wangu."

Alikuwa na haki ya kukataa, Bi Solfa. Wifi yake alikuwa mkutubi, mwanamke wa maneno machache na yote yenye makali. Siku Bi Solfa alipoolewa, mbele ya mama mkwe na jamaa wote, mtu akauliza bibi harusi anafanya kazi gani, na wifi akajibu kabla ya wengine: "Anaimba. Kazi bado anatafuta." Watu walicheka. Bi Solfa naye alicheka, kwa sababu bibi harusi atafanya nini, lakini kicheko kile hakikuwahi kushuka tumboni. Tangu hapo walikuwa wa shikamoo na marahaba, habari na nzuri, basi. Sasa shida ilikuwa imemfikisha mlangoni kwa yuleyule. Mwenye shida hachagui mlango.

Alikwenda Jumanne, kipindi cha mwisho alipokuwa hana darasa. Langoni mwa maktaba mlinzi aliupekua mkoba wake akatoa kitu cha chuma chenye meno mawili.

"Hiki ni nini, mama?"

"Uma."

"Wa kulia?"

"Wa kusikilizia. Unanipa sauti ya kuanzia wimbo." Bi Solfa akaugonga kwenye kiwiko chake, akausogeza sikioni kwa mlinzi. Mlinzi akasikiliza mpaka sauti ikaisha, akaurudisha mkobani kwa heshima, na kumwonyesha makabati ya kuwekea mizigo.

Wifi alikuwa kwenye meza ya marejeo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, akimweleza mwanafunzi mmoja kwamba kitabu hakiwezi kuwa kimepotea kama mtu hajakitafuta. Alipomaliza akamwona.

"Wifi. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kuomba msaada." Neno lile lilitoka kama mwiba wa samaki, lakini lilitoka. Akaeleza.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakutoa pole, hakucheka. Alimwandikia kadi ya mgeni, akampeleka kwenye kompyuta ya karibu na dirisha.

"Majarida ya utafiti chuo kinayalipia, kwa hiyo makala zinafunguka humu ndani tu," akasema. "Ukizitafuta kwa simu yako utaonyeshwa kichwa cha habari na muhtasari, halafu mlango unafungwa. Hapa unasoma yote. Weka alama kwenye kisanduku hiki ili upate zile tu zilizopitiwa na wataalamu wenzao kabla ya kuchapishwa. Andika maneno yako pale juu. Mimi niko mezani."

Bi Solfa akaketi. Kwa Kiingereza chake cha darasani akaandika neno la faida, la muziki, la hesabu na la alama. Akabonyeza.

Zikamwagika. Ukurasa baada ya ukurasa. Faida za muziki kwa wanafunzi wa hesabu. Faida za kujifunza ala kwa alama za mtihani. Faida hii, faida ile. Alihisi kifua kinafunguka. Alichagua zenye vichwa vya kupendeza zaidi, akazituma kwenye mashine ya kuchapa, akazipokea zikiwa bado na joto na kuzikumbatia. Tayari alikuwa anauona uso wa Wastani. Alipita mezani kwa wifi na rundo lake, na hapo, tukubali, alitaka kidogo kuonekana.

Wifi akavaa miwani, akafunua karatasi mbili tatu.

"Umeandika maneno gani?"

Akamtajia.

"Ndiyo maana." Wifi akavua miwani. "Ukimwendea mama mkwe wako ukamwambia, naomba sifa za mwanao wa kiume, atakupa nini?"

"Sifa."

"Mpaka magharibi iingie. Utaondoka hapo unadhani umeolewa na malaika. Sasa wewe uliyeolewa naye, ni malaika?"

"Anapiga pasi," akasema Bi Solfa.

"Hilo nakubali. Lakini ukitaka kumjua mtu humuulizi mamake sifa zake. Unauliza, huyu mtu yukoje, na unawauliza wengi. Wewe umeiambia mashine ikuletee faida, nayo imekuletea faida. Rudi ukatafute bila kuweka jibu ndani ya swali. Andika athari. Na ukiona makala iliyokusanya tafiti nyingi na kuzilinganisha, anza na hiyo."

Angeweza kuondoka. Rundo lilikuwa lake, mlango ulikuwa palepale. Lakini Bi Solfa alikuwa mwalimu wa kuimbisha, na mwalimu wa kuimbisha akishasikia sauti haijakaa sawa, hawezi kujifanya hakuisikia. Alirudi kwenye kiti.

Akaandika athari. Akaikuta makala ya kukusanya tafiti, akaisoma neno kwa neno, na kadiri alivyosoma ndivyo joto lilivyomtoka mwilini. Zile tafiti za furaha, makala ilisema, nyingi ziliwalinganisha watoto wa muziki na watoto ambao hawakupewa chochote cha pekee, au watoto wa nyumba zenye uwezo na wa nyumba zisizo nao. Palipofanyika ulinganisho wa haki, tofauti ya alama za hesabu ilinywea, ikawa ndogo mno hata isistahili kutajwa. Alifungua nyingine. Ilibishana na ya kwanza hapa na pale, lakini nayo ilikuwa inakokotwa kuelekea kulekule. Alitafuta ya tatu akitumaini kwamba ingemwokoa, lakini wapi.

Alikwenda mezani kwa wifi na macho yamewaka.

"Umefurahi?"

"Kwa nini nifurahi?"

"Nilikuwa na utafiti mkononi. Umeninyang'anya. Uliniambia siku ya harusi yangu kwamba sina kazi, leo umekuja kunimalizia."

Mwanafunzi wa meza ya jirani akainamia kitabu chake kwa bidii ya ghafla. Wifi hakupandisha sauti.

"Nilisema, na sikanushi. Lakini sijakunyang'anya kitu. Makala zako hizo hapo, uzipeleke Ijumaa, nani atajua? Bodi haitakuja hapa kutafuta." Akamsogezea rundo lake. "Ila nikuulize. Umekuja kutafuta habari za elimu ya muziki. Mbona maneno yako yote yana hesabu ndani?"

"Kwa sababu ndivyo alivyouliza mkuu."

"Kwani mkuu ndiye mwalimu wa muziki?"

Swali lilimchoma Bi Solfa kuliko lile jibu la harusini, kwa sababu safari hii hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Wifi alikuwa hajawahi kuimba hata wimbo wa kubembeleza mtoto, na ndiye aliyeona.

Wakarudi kompyutani wote wawili. Wifi akavuta kiti, akamwonyesha jambo ambalo Bi Solfa hakulijua: kwamba wanaopanga makala huzipa kila moja vichwa vya mada, maneno yaliyokubaliwa, ili mtu asitegemee bahati ya maneno yake mwenyewe. Akabofya kichwa cha elimu ya muziki. Akaondoa hesabu, akaondoa alama, akaondoa mtihani. Akamwachia kiti.

Kumbe kulikuwa na ulimwengu mzima nyuma ya ukuta ule. Mtu mmoja alikuwa amechunguza kwa miaka namna mtoto anavyojifunza kushika sauti ya pili bila kuvutwa na ya kwanza. Mwingine aliandika juu ya wavulana ambao sauti zao zinavunjika, wanaonyamazishwa na walimu wao wakati ndio wanaohitaji kuimba zaidi, na jinsi ya kuwatungia noti zinazowatosha. Kulikuwa na makala ya kufundisha noti kwenye darasa lisilo na ala hata moja. Kulikuwa na makala iliyofuatilia shule zilizofunga vyumba vya muziki, na kusema wazi kilichotokea: watoto wa wenye nacho walihamia kwa walimu wa kulipwa, wengine waliacha kabisa. Wanawake na wanaume wa nchi mbalimbali, wasiomjua wala yeye kuwajua, walikuwa wamekaa miaka yote hiyo wakihangaika na maswali ya chumba chake. Na katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyekuwa anaomba radhi. Hakuna aliyesema muziki unasaidia kitu kingine, jamani tuvumilieni.

Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa blauzi kabla wifi hajayaona. Wifi aliyaona, akajifanya anatafuta kalamu.

"Kabla sijafunga," akasema, "kuna kingine unataka?"

Bi Solfa akafikiri. Kisha akatabasamu, na halikuwa tabasamu la kanisani.

"Masomo ya ziada," akasema. "Athari. Bila jibu ndani."

Ijumaa asubuhi aliwafundisha darasa la chini kabisa wimbo wa sauti tatu. Lile kundi la tatu, upande wa dirishani, lilikuwa kila mara likifika katikati linakimbilia sauti ya kwanza kama mbuzi anayefuata wenzake. Safari hii alijaribu alichokisoma: akawaambia sauti ya kwanza waimbe chini kwa chini, karibu na kunong'ona, na kundi la tatu wafumbe macho na kuweka mkono juu ya sikio moja. Wakaanza. Wakafika katikati. Hawakukimbia. Walibaki pale walipo, sauti zao zimesimama peke yake chini ya nyingine mbili, na walipomaliza walifumbua macho wakatazamana kwa mshangao, wakimsubiri aseme kama walikuwa wao kweli. Bi Solfa akawaambia ndiyo, ni nyinyi, haya tena.

Bodi ilikaa mchana katika ofisi ya mkuu. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mzee mchangamfu aliyetaka kila kikao kiishe kabla hajaanza kusinzia. Pembeni yake alikaa mwakilishi wa wazazi, mama mshonaji ambaye sare za nusu ya shule zilipita kwenye cherehani yake. Karani alishika kalamu ya kuandika kumbukumbu. Walikuwapo na wajumbe wengine, na Wastani mwenye jedwali lake la rangi.

Wastani alisema yake. Alisema vizuri, na kwa moyo. Watahiniwa walikuwa wanasoma wamebanana, chumba kilihitajika, wazazi walitaka matokeo. Bi Solfa alimsikiliza akaona kwamba mtu huyu hakuwa anasema uongo. Hilo lilimfanya aogope zaidi.

"Haya Mwalimu," akasema mwenyekiti. "Naambiwa umeleta utafiti. Naona rundo hilo. Mimi sina macho ya kusoma yote hayo, na njaa inaniuma. Wewe tuambie tu: muziki unapandisha hesabu, sivyo? Wanasema unachangamsha ubongo. Sema ndiyo, karani aandike, tugonge muhuri, kila mtu aende kwake."

Akamkunjulia uso kwa wema wote wa mzee anayemtakia mtu heri. Ushindi ulikuwa mezani, umemenywa, kilichobaki ni kuumeza. Zile karatasi za mwanzo, zile za faida, alikuwa nazo mkobani. Ndiyo moja tu, na piano ingebaki, na ndoo ya filimbi, na kundi la dirishani.

"Haupandishi, Mwenyekiti," akasema.

Karani aliinua kichwa. Wastani alitazama huku na huku kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine.

"Wapo wanaosema unapandisha," akaendelea. "Nimezileta na hizo, mzisome. Lakini waliolinganisha kwa haki wanaona tofauti ni ndogo au haipo kabisa. Nikiwaambia unapandisha nitakuwa nimewadanganya, na mwakani mkuu atakuja na wastani wa hesabu na kuniuliza, haya, umepanda wapi? Na atakuwa na haki."

"Sasa Mwalimu," akasema mwenyekiti, amechanganyikiwa kwelikweli, "si umejifunga goli mwenyewe?"

"Sijafunga goli, sikuja kucheza mchezo huo. Sikuja hapa kuuombea muziki kazi ya kibarua kwenye shamba la hesabu." "Hebu nijibuni. Kuna siku mlimwita mwalimu wa hesabu mkamwambia lete utafiti kwamba hesabu inaboresha uimbaji, la sivyo tunakufungia darasa?"

Mama mshonaji akacheka kwa pua. Wastani akasema hesabu ni hesabu.

"Na muziki ni muziki. Leo asubuhi kuna watoto wameshika sauti ya tatu kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Si kwa ajili ya kitu kingine. Wameshika sauti. Kitu hicho hawatakipata kwingine, kwa sababu kwao hakuna piano wala mwalimu wa kumlipa. Waliofuatilia shule zilizofunga vyumba kama changu wanasema hivyohivyo: mwenye nacho anaendelea, asiye nacho ananyamaza. Mkinifungia, msiseme mnaokoa muda. Semeni tu kwamba kuimba ni kwa watoto wa wengine."

Wastani akakohoa.

"Lakini watahiniwa, Mwalimu. Wanahitaji masomo ya ziada. Hilo nalo utalikana?"

"Silikani, mkuu. Nimekutafutia." Akatoa karatasi nyingine, akamsogezea. "Nimetumia njia ileile. Zipo zinazosema masomo ya ziada yanasaidia, zipo zinazosema hayasaidii. Inategemea yanafundishwaje, na mtoto anakaa amechoka kiasi gani. Soma mwenyewe. Ukisoma ukaona bado unakitaka chumba, kichukue jioni na Jumamosi. Kwaya yangu itafanyia mazoezi kwenye ngazi."

Lilimuuma kusema hivyo, maana kwaya ilikuwa mboni ya jicho lake na ngazi zile zilikuwa za saruji, zina mwangwi wa kisimani. Lakini alishaamua tangu jana atatoa nini na nini hatakitoa kwa gharama yoyote.

Wastani alizisoma karatasi. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kidole kikifuata mistari, na mwenyekiti alipoanza kusinzia mama mshonaji alimgusa kiwiko. Mwishowe mkuu akasema chumba cha jioni na Jumamosi kitamtosha, kwa sasa. Alilisisitiza hilo la "kwa sasa".

"Basi vizuri," akasema mwenyekiti, ameamka. "Karani, andika: bodi imeamua vipindi vya muziki vibaki kwa kuwa vinasaidia kupandisha taaluma."

"Hapana," akasema Bi Solfa.

"Mwalimu, umeshashinda."

"Naomba hayo yafutwe."

"Ni maneno tu, mama. Ya kuwaridhisha wa juu."

"Ni maneno yatakayonifukuza mwakani. Yakiandikwa hayo, mimi siweki saini, na vipindi mvifute leoleo."

Aliisema huku akiijua hatari yake. Wangeweza kumchukua kwa neno lake, pale pale, na mchezo ukaisha. Mwenyekiti alipuliza pumzi ndefu. Alimtazama Wastani, Wastani akatazama jedwali lake. Aliyesema ni mama mshonaji.

"Yafute, karani. Mimi mwanangu ni wa hesabu sifuri na filimbi anaipiga mpaka majirani wanafungua madirisha. Mkiandika hivyo, mtamwambia nini?"

Karani akapiga mstari.

"Sasa niandike nini?" akauliza. "Lazima pawe na sababu."

"Andika hivi," akasema Bi Solfa, na akamtajia polepole, kama anavyowatajia watoto imla. "Vipindi vya muziki vitabaki kwenye ratiba kwa sababu muziki unastahili kufundishwa."

Karani aliandika, akaipitisha karatasi. Mwenyekiti alitia saini bila kusoma. Mama mshonaji alisoma, akatia yake kwa herufi kubwa. Karatasi ilifika kwa Wastani, aliyetakiwa kusaini wa mwisho kama katibu wa bodi. Aliisoma. Akaigeuza nyuma akaona pako patupu, akairudisha mbele.

"Kwa sababu ipi?" akauliza.

"Hiyo hapo, mkuu."

"Naiona. Nauliza muziki unasaidia nini."

"Hausaidii kitu," akasema Bi Solfa, na kumsogezea kalamu. "Saini."